Bi Kijani na Vidole vya Mkalimani

Tarehe thelathini mwezi huu, mhariri mkuu wa video katika kituo chetu cha masomo ya shule atastaafu baada ya kukitumikia kwa miaka thelathini na mmoja. Wengi wenu hamlijui jina lake la kwenye hati ya mshahara. Madereva ndio waliomwita Bi Kijani, jina likapanda ngazi hadi kwa mkuu wa idara, likakaa. Humu pia tutalitumia, kwa idhini yake, aliyoitoa akiwa anatembea.

Hilo la kutembea lazima lisemwe mapema, maana asiyemfahamu hudhani mhariri ni mtu wa kukaa. Bi Kijani hakai. Anahariri amesimama, na kiti chake amekigeuza mahali pa kuwekea mkoba. Simu anapokelea koridoni, chai anainywa mlangoni, na mkutano wa Jumatatu anausikiliza ameegemea ukuta, mguu mmoja umeshaondoka. Kwa ajili ya wasifu huu nilijaribu mara kadhaa kumkalisha tuzungumze. Niliyoyapata niliyapata kwa vipande, kati ya studio na stoo, nikimfuata nyuma huku nikiandika kwenye kiganja.

Alianzia maktaba ya kanda. Enzi hizo somo moja lilikaa kwenye kanda nene kama tofali, na kazi yake ilikuwa kuzirudisha mwanzo na kuzipanga kwenye rafu. Mhariri wa wakati huo alikuwa mzee mmoja mpole, mpenda chakula cha mchana kirefu, aliyekuwa akitoka na kuziacha mashine zake mbili zinawaka. Siku moja binti wa maktaba alipita, akatazama, akaona mwalimu wa jiografia anakohoa katikati ya somo. Akakitoa kikohozi. Mzee aliporudi alikitafuta asikione.

"Nani amegusa hapa?"

"Mimi, babu."

"Umefanyaje?"

Akamwonyesha. Mzee akafikiri, akachukua tena kofia yake. "Basi kesho nitachelewa zaidi kurudi." Bi Kijani anasema huko ndiko kupandishwa cheo kwake, karatasi zilikuja baadaye sana, zikiwa zimekosewa tarehe.

Kisha kikaja kitambaa cha kijani. Kwa wenzetu wa uhasibu na usafiri ambao hawaingii studio: mwalimu husimama mbele ya kitambaa hicho, kompyuta ikaondoa kila kilicho kijani na kuweka mandhari nyingine nyuma yake, iwe msitu, ramani au uso wa mwezi. Kilifika kimekunjwa ndani ya boksi, kikatundikwa hivyohivyo. Kila mkunjo una kivuli chake, na kijani cha kivulini si kijani cha kwenye mwanga. Kompyuta ikaondoa kimoja ikaacha kingine, na katika somo la kwanza mwalimu wa sayansi alisimama mwezini nyuma ya kitu kama nondo za dirisha. Mkutano uliitishwa kuijadili kompyuta. Bi Kijani hakuhudhuria. Alikwenda nyumbani, akarudi na pasi.

Tangu siku hiyo kitambaa hakijawahi kurekodiwa bila kupigwa pasi asubuhi. Mume wake, ambaye ni fundi saa, ana malalamiko ya miaka mingi juu ya jambo hili. Alikuja ofisini juzi kuchukua vitu vya mkewe, akakiona kitambaa kimenyooka ukutani, akakigusa kwa kidole. "Kumbe ndiye wewe," akakiambia. "Shati langu limekuwa mke mwenza wako siku zote hizi." Fundi taa alilazimika kutoka nje.

Pasi haikumaliza yote. Kulikuwa na mwalimu wa jiografia, mtu mkubwa mwenye kipara kinachong'aa, aliyependa kusimama karibu kabisa na kitambaa kwa sababu aliogopa taa. Kijani cha kitambaa kikaakisika na kutulia kipande kipande juu ya kichwa chake, kompyuta ikakiona, ikakiondoa. Somo lilikuwa la mvua. Mawingu yaliyowekwa nyuma yakawa yanaingia kwa sikio la kushoto na kutokea la kulia, polepole, huku mwalimu akieleza jinsi mvuke unavyopanda. Wanafunzi wa shule kadhaa waliomba lirudiwe. Bi Kijani alichora mstari wa chaki sakafuni, mbali na kitambaa, akatangaza kwamba anayesimama nyuma ya mstari huo ataoneshwa bila kichwa na asije akalalamika. Alinunua pia poda. Kila mgeni hupakwa, awe mwanasayansi au mkaguzi. Mkuu wetu wa idara, ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi wake wa mafunzo kwa vitendo, hupakwa pua bila kuulizwa, na humwita dada akiwa amefumba macho.

Kikaja na kipindi cha simu, walimu walipokuwa wakijirekodi nyumbani na kututumia. Midomo ikaanza kuachana na sauti. Mwanzoni mwa somo mwalimu alikuwa sawa, lakini kufikia katikati alikuwa akifunga mdomo huku neno bado linatoka, kama mtu anayesengenywa na sauti yake mwenyewe. Sisi vijana tulikuwa tukisogeza sauti kidogo hapa, kidogo pale, na kila tuliposogeza ilizidi kwenda ovyo. Bi Kijani alitutazama kwa muda ambao kwake ni mrefu. Simu, akasema, haina mwendo mmoja. Ikichoka hupunguza idadi ya picha kwa sekunde, ikipata nguvu huongeza, na sauti haijali. Akatuagiza kila video ya simu ibadilishwe kwanza iwe ya mwendo mmoja, ndipo iguswe na mkasi. Tatizo likaisha. Kilichobaki ni flashi za kubebea faili. Kuna mwenzetu, ambaye leo ni mpiga picha hodari, aliyekuwa akihariri moja kwa moja kutoka kwenye flashi yake bila kunakili faili, kisha anaondoka nayo. Asubuhi tunafungua kazi, skrini yote nyekundu, kila picha haipo. Bi Kijani alikuwa akipiga simu bila salamu. "Ingiza mkono mfuko wa kulia. Umeishika? Haya, ndiyo somo la darasa la sita hilo. Geuza gari."

Nimeyataja haya ya kuchekesha kwa sababu ndiyo yanayosimuliwa kantini, na wasifu bila hayo usingekuwa wake. Lakini yapo ya miezi hii ya mwisho, ambayo wengi mliyaona kwa nje tu, mkauliza kwa nini mtu anayestaafu anatembea kwa kasi kuliko mwanzo. Mimi nilikuwa meza ya pili. Nadhani ndiyo makubwa kuliko yote aliyoyafanya hapa, na nina wasiwasi kwamba yasipoandikwa sasa yataitwa kosa.

Bi Kijani ana utaratibu ambao kila aliyepita mikononi mwake anaujua. Kazi ikikamilika, itazame yote bila sauti. Kisha isikilize yote bila picha. Anasema vikiwa pamoja vinasaidiana kudanganya. Kwa utaratibu huo alipitisha, mwaka jana, masomo yote ya darasa la mtihani, na kwa mara ya kwanza kila somo lilikuwa na mkalimani wa lugha ya alama pembeni mwa skrini, amekatwa vizuri kutoka kwenye kijani na kuwekwa juu ya ubao wa mwalimu. Ilikuwa kazi safi. Kingo za nywele zake, kola ya blauzi, mabega, hakuna hata uzi mmoja wa kijani uliosalia. Wageni kutoka vituo vingine walikuja kuitazama.

Miezi mitatu kabla ya tarehe ya kustaafu, mwalimu wa hesabu wa shule ya viziwi alikuja ofisini. Yeye mwenyewe ni kiziwi, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba, na alikuja na kompyuta ndogo ya mkononi chini ya kwapa. Tulimwita mkalimani wetu atusaidie. Mkalimani alikuwa mjamzito, tumbo limeshatangulia mbele, akaketi katikati yao. Mwalimu akazungumza kwa mikono. Mkalimani akatazama, akamwomba arudie.

"Anasema," mkalimani akatuambia, "kwenye masomo ya hesabu mimi sina vidole."

Bi Kijani alicheka, akidhani ni mzaha. Mwalimu akafungua somo la hesabu za sehemu, akalisimamisha. Mkono wa mkalimani ulikuwa umeinuliwa kifuani kuonyesha namba. Kiganja kilikuwepo. Vidole viwili vilikuwepo. Pale ambapo vingine vilipaswa kuwa, kulikuwa na ukungu, na ndani ya ukungu unaona ubao wa mwalimu. Akasogeza mbele, akasimamisha tena. Ngumi isiyo na kidole gumba. Tena. Mkono mmoja, wa pili umeyeyuka.

Mwalimu akaeleza kwamba wanafunzi wake walikuwa wakikisia. Waliona mdomo, wakaona nusu ya mkono, wakajaza wenyewe. Kwenye maneno ya kawaida walijaza vizuri. Kwenye namba haiwezekani. Kidole kimoja kikimezwa, namba imekuwa nyingine. Mtihani ulikuwa umebaki wiki tisa. Walikuwa na masomo haya na yeye, basi, na yeye ni mmoja kwa madarasa yote.

Hakuja kulaumu. Alikuwa na haraka tu. Bi Kijani ndiye aliyesimama katikati ya chumba, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa amesimama kweli.

Sababu aliipata mchana uleule. Mkono wa mkalimani unakwenda haraka, na taa za upande wake zilikuwa hafifu, kwa hiyo kamera iliacha jicho wazi muda mrefu zaidi kwa kila picha. Kidole kinachokimbia mbele ya jicho lililo wazi hakitoki kama kidole. Kinatoka kama mvuke, na mvuke huo umechanganyika na kijani cha nyuma. Kompyuta ilipoambiwa iondoe kijani, iliondoa na vidole. Na kulikuwa na jambo la pili, alilonieleza akiwa ameuangalia ukuta: kila alipoona kijani kimebaki kidogo kwenye kingo, aliibana kompyuta iondoe zaidi. Kila alipobana, nywele zilisafika, kola ikasafika, na vidole vikaliwa. Alikuwa ameitazama kazi yote bila sauti, kama anavyotufundisha. Alitazama nywele.

"Nimetazama bila sauti miaka yote hii," alisema, "sikujua kuna mtu ambaye kutazama hivyo ndiko kusikia kwake."

Kwa masomo mapya dawa ilikuwa nyepesi na aliitengeneza siku mbili: taa zaidi upande wa mkalimani, jicho la kamera lifumbe haraka, mkalimani asogee mbele ya mstari, blauzi nyeusi ili mikono ionekane. Shida ilikuwa masomo ya mwaka jana, yale yaliyokwisha kuliwa. Kuyarekodi upya kusingewezekana. Daktari alikuwa amemkataza mkalimani kusimama, na mkalimani mwingine hatuna. Bi Kijani akaamua kuviokoa vidole kwa mkono: asimamishe video picha kwa picha, achore mzunguko wa kila kidole, airuhusu kompyuta iondoe kijani nje ya mzunguko huo tu.

Sekunde moja ya video ni picha ishirini na tano. Nadhani kila mtu ofisini alijua hesabu hiyo haifiki, isipokuwa yeye, au alijua na hakutaka isemwe. Alikuwa na likizo aliyobakiza, akaja nayo kazini. Alichora amesimama, mkono wa kulia ulipochoka akachora kwa wa kushoto. Nami nilichora. Ukichora vidole vya mtu siku nzima, unaanza kuviona kwenye vikombe vya chai. Wiki ya tatu ilipokwisha tulikuwa na somo moja kamili na nusu ya la pili, katika mfululizo mzima.

Mkuu wa idara alikuja akasimama mlangoni, mikono mfukoni.

"Dada, kwa mwendo huu utamaliza wajukuu wa hao watoto wakiwa chuoni."

"Niongezee mtu."

"Nitakuongezea mkataba. Mwaka mmoja. Umalize kwa utulivu."

"Mtihani nao umeuongezea mwaka?"

Mkuu akaondoka. Nilimwona Bi Kijani akifungua picha iliyofuata, akakosea mstari, akaufuta, akakosea tena. Hakuogopa kustaafu, hilo tulikuwa tumelikosea sote. Aliogopa tarehe ya mtihani ifike watoto wale wakiwa bado wanakisia kwa sababu ya mkono wake.

Tulimwita tena mwalimu wa shule ya viziwi aje kulithibitisha somo moja lililokamilika. Alikuja na mkalimani, wakaketi. Lilichezwa. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, vizuri, vidole vipo. Akauliza mengine yako wapi. Kabla hatujamjibu macho yake yakahamia kwenye skrini yangu, ambako nilikuwa nimeacha wazi video ghafi ya somo la tatu, kama ilivyotoka kwenye kamera: mkalimani mzima, nyuma yake kitambaa chote cha kijani. Akaielekeza kidole, akauliza kitu.

"Anauliza hii ameitengeneza nani," mkalimani akasema.

"Hiyo haijatengenezwa," Bi Kijani akajibu.

"Anasema hiyo ndiyo nzuri."

"Mwambie hiyo si kazi. Hiyo ni kabla ya kazi."

Mkalimani akatafsiri. Mwalimu akasogea hadi pua yake ikakaribia skrini, akahesabu vidole kimoja kimoja hewani, vyote vilikuwepo, vina ukungu kidogo vinapokimbia lakini vipo. Akageuka.

"Anasema muweke hivihivi. Ndani ya kisanduku, pembeni. Na kijani chake."

"Na kijani chake," Bi Kijani akarudia.

"Anasema wanafunzi wake hawana mtihani wa rangi."

Sijui kama ninyi mlio nje ya chumba chetu mnaweza kuelewa alichokuwa akiombwa. Kijani kikionekana kwenye kazi iliyokamilika, kwetu ni sawa na mtu kutoka msalani na sketi imekwama kiunoni. Mtoto wa wiki ya kwanza hufundishwa hivyo, na aliyetufundisha ni yeye. Sasa aliambiwa jina lake, kwa mara ya mwisho kwenye kituo hiki, likae chini ya masomo yenye kitambaa wazi, kila fundi wa kila kituo akitazama na kusema yule mama wa kijani mwishoni alichoka. Alichukua mkoba wake kwenye kiti. Akasema anakwenda kununua dawa ya kichwa. Kulikuwa na dawa ya kichwa kwenye droo.

Siku hiyo hakurudi. Nilikaa nikiendelea kuchora, kwa sababu sikujua kufanya kingine, na nilikuwa na hasira isiyo na wa kuipokea. Nilimkasirikia mwalimu kwa kusema ukweli kirahisi vile. Kisha nikajikuta nimekasirishwa na kalamu ya kompyuta niliyokuwa nikichorea.

Asubuhi yake alikuja kabla yangu. Alikuwa ameketi. Nilisimama mlangoni nikidhani nimeingia chumba cha wengine. Kwenye skrini alikuwa ameweka somo la tatu, ubao wa mwalimu umebanwa upande mmoja, na upande wa pili kisanduku kikubwa, kikubwa kuliko nilivyotarajia, karibu theluthi ya skrini, na ndani yake mkalimani na kijani chote.

"Kama kinaonekana," akasema bila kugeuka, "basi kionekane. Nisiweke kadirisha ka kuomba radhi."

Kazi ambayo kwa mbinu ya mwanzo ingechukua miaka, kwa hii ilichukua siku sita. Fundi taa alipita siku ya pili, akachungulia, akasita.

"Bi Kijani, samahani, umesahau kukitoa."

"Sijasahau. Pita."

Siku ya nne, masomo ya kwanza yakiwa yameshaanza kurushwa, simu ikaja kutoka kituo kingine, sauti ya mtu mwenye furaha kidogo kuliko inavyopasa, akitujulisha kwamba kuna hitilafu kwenye vipindi vyetu vya hesabu. Bi Kijani alimshukuru, akamwambia ameiona, akamwuliza kama anayo shule ya viziwi katika eneo lao. Mtu yule hakuwa anajua. "Ukijua nipigie," akamwambia, "nikutumie hitilafu yote."

Masomo yalifika shuleni wiki nne kabla ya mtihani. Mwalimu wa miwani ya kamba akatualika tuyaone yakitumika, tukaenda wawili. Darasa lilikuwa dogo, madirisha mawili yamezibwa kwa maboksi ili skrini ionekane, madawati yamepangwa nusu duara kila mtu aone mikono ya mwenzake. Hakuna aliyegeuka tulipoingia. Somo lilikuwa lile la sehemu. Mwanzoni kabisa mwalimu wa kwenye video hutania: anasema amekata mkate vipande vinane, lakini mezani mnaona saba, na msimwulize mke wake. Ni utani mdogo. Tuliokuwa studio tulishausikia hadi tukausahau. Kwenye toleo la kwanza vile vinane na vile saba vilimezwa, kwa hiyo kwa mwaka mzima darasa lile lilimwona mtu anayeinua mkono usio na vidole mara mbili, kisha anatabasamu bila sababu.

Mkalimani wa kwenye kisanduku akainua nane. Akainua saba. Akafanya uso wa mume mwenye hatia.

Kicheko kilianzia dawati la mbele kikazunguka. Kijana mmoja akamgeukia mwenzake akamwuliza kwa mikono, na mwalimu akatutafsiria kwa kuandika kwenye simu yake: *Anauliza kama hivyo ndivyo alivyokuwa akisema siku zote.* Msichana wa pembeni akainua saba kumdhihaki jirani yake aliyekuwa akila kitu chini ya meza. Mwalimu aliwaacha. Kisha akagonga dawati, mtetemo ukawafikia, wakarudi kwenye skrini, somo likaendelea, penseli zikaanza kwenda.

Nilidhani Bi Kijani hakutazama skrini hata mara moja. Alisimama nyuma akiwatazama wanaotazama. Tulipokuwa tunatoka, kwenye ngazi za shule, alishindwa kujizuia.

"Kona ya chini kulia ya kisanduku kuna mkunjo. Una kivuli. Umeuona?"

Nikasema nimeuona. Nikasema naweza kuutoa nikifika ofisini, ni kazi ya dakika chache.

Alishuka ngazi mbili, akasimama kunisubiri.

"Uache," akasema.

Mkataba wa mwaka mmoja aliukataa kwa maandishi asubuhi iliyofuata. Kuanzia tarehe moja mwezi ujao meza yake nitaikalia mimi. Hajaniachia maelekezo. Nilipomwomba, aliniambia kwamba matatizo atakayoniachia nimeshayajua, na nitakayoyakuta yeye hayajui.

Hajasema atafanya nini nyumbani. Amesema atapumzika, na hakuna aliyemwamini. Mume wake ametuomba tumtafutie hata kazi ya kujitolea, kwa kuwa wiki iliyopita walijaribu kutazama filamu moja pamoja na baada ya robo saa bado walikuwa kwenye onyesho la kwanza, akielezwa kosa la taa.

Kwa niaba ya idara, studio, madereva waliokupa jina na wasiokupa, tunakushukuru Bi Kijani kwa miaka yako na kwa macho yako. Mkalimani amejifungua mtoto wa kike na anakutumia salamu, kwa mikono yote miwili. Shule ya viziwi inakusalimu. Nenda ukatazame mambo yasiyohitaji kurekebishwa, na ukiyachoka, mlango unaujua. Tunakuombea siku ndefu zenye mwanga wa kutosha, watu wa kutembea nao, na mtu wa kukungoja chini ya ngazi.